Klachi Iliyoungua Juu ya Molo

Pikipiki ya baba iligoma Ijumaa saa nane mchana, kwenye mlima baada ya Molo, mahali ambapo hakuna kitu ila viazi na ukungu. Nilipitia huko kuyakwepa malori ya barabara kuu. Mimi na akili zangu!

Niliisukuma nusu saa mpaka kibanda cha fundi mmoja, Bethwel, mzee aliyevaa makoti mawili. Aliikagua, akanusa, akatikisa kichwa.

"Boss, plate za klachi zimeungua zote. Huyu ni nyanya, si pikipiki."

"Anifikishe Kimilili tu, mzee. Kesho namzika baba."

Aliacha utani hapo hapo. Akaanza kung'oa plate kwenye pikipiki nyingine iliyokufa nyuma ya kibanda.

Niseme ukweli. Pikipiki hiyo niliondoka nayo bila kuaga, miaka sita iliyopita, nikaenda kukata maua Naivasha. Baba hakunipigia simu, nami sikumpigia. Sikio la kufa halisikii dawa, na sisi wawili tulikuwa nayo manne. Jumatatu jirani akanipigia: mzee amelala, tunazika wiki hii. Sikuuliza siku. Ya nini? Kwetu watu huzikwa Jumamosi, hata mtoto mdogo anajua. Nami ndiye kifungua mimba, ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Hilo tu nililitaka: nifike kabla kaburi halijafunikwa, nimwombe msamaha mbele ya watu.

Saa kumi Bethwel akasema, "Hii kazi itaisha jioni. Lala Molo, utoke asubuhi mapema. Pigia watu wako simu wakungoje."

Kumpigia dada yangu Nekoye kulinitia hofu kuliko ule mlima. Nilipiga.

"Nimekwama njiani, lakini kesho nitakuwa hapo mapema. Msianze bila mimi."

Nilisikia sufuria zikioshwa nyuma yake.

"Kesho gani, Makhanu? Tumemzika leo. Kesho ni Sabato."

"Sabato ya nani?"

"Ya baba. Alibatizwa Msabato mwaka juzi. Kwani hakuna mtu alikuambia? Ilikuwa tuzike saa sita. Tukakungoja mpaka saa nane. Udongo nikatupa mimi."

Simu ilipokatika nilibaki nimeishika tu. Bethwel aliuliza kama kuna shida nyumbani.

"Baba alikuwa Msabato," nikasema.

"Basi wamemzika leo," alijibu papo hapo, mikono ikiwa bado ndani ya injini.

Hakuwahi kumwona baba hata siku moja.