Mtoto Aliyejibu Ukimya

Shangazi alikuwa na hukumu yake tayari kabla hata hajakaa.

"Masikio hayana neno, daktari. Huyu anasikia kuliko paka. Shida ni kichwa. Mwite akiwa na shughuli zake, hageuki ng'o. Mwambie pipi, huyo! Ndiyo maana tunamwita Malkia. Anaitika akipenda."

"Mimi si daktari, ni mtaalamu wa usikivu," akasema mtaalamu, kama alivyokuwa akisema kila asubuhi, na kama kawaida hakuna aliyejali.

Mama wa mtoto hakucheka. Shule ya chekechea ilikuwa imempa neno moja tu: alete majibu ya hospitali. Kama masikio ni mabovu, mtoto atakalishwa mbele na kuvumiliwa. Kama ni mazima, basi ni utovu wa adabu, na atafutiwe shule nyingine.

"Na nyumbani," mama akaongeza kwa sauti ya chini, "baba yake anasema fimbo itamzibua."

Malkia mwenyewe, wa miaka minne, alikuwa akimtazama kila msemaji kwa zamu, kimya, kama hakimu.

Ngoma zake za masikio zilikuwa safi na zilicheza vizuri. Mtaalamu akamwingiza katika chumba kisichopitisha sauti, akamvalisha hedifoni, akamweka mama nyuma yake. Yeye mwenyewe alirudi nje, kwenye mashine, shangazi akiwa ubavuni. Kati yao na mtoto kulikuwa na dirisha la vioo viwili. Wenzake walipenda kumkalisha mtoto upande. Yeye siku zote alimgeuza amtazame, kwa sababu mtoto akiona uso unaotabasamu hatulii kwa hofu bali kwa raha. Mchezo ulikuwa rahisi: ukisikia mlio, tumbukiza pete ya plastiki kwenye kijiti. Malkia aliuelewa kabla maelezo hayajaisha.

Mlio wa kwanza, pete. Wa pili, pete. Mtaalamu akashusha sauti, akashusha tena, akafika pale ambapo mtu mzima mwenye masikio mazuri husikia kwa kubahatisha. Pete.

"Si nilikwambia?" shangazi akasema, akajiegemeza kwenye kiti kama aliyeshinda kesi. "Andika tu, dada, tukawahi gari."

Chati ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno. Mtoto wa umri huo huchoka, husahau, hutumbukiza pete kwa sababu tu pete ni tamu kutumbukiza. Huyu hakuwa amekosea hata mara moja. Mtaalamu hakuamini mambo yasiyo na doa. Akashusha sauti hadi mwisho wa uwezo wa mashine, chini ya kile ambacho sikio lolote aliloliona kazini liliwahi kukisikia.

Pete.

Akachomoa waya wa hedifoni. Akabonyeza.

Pete.

Akautazama waya, kisha mtoto.

"Ebo!" Shangazi alikuwa ameuona waya ukining'inia. "Mashine imepagawa?"

"Mashine haitoi chochote. Hakuna sauti humo ndani."

"Sasa anajibu nini?"

Mtaalamu hakujua, na asichokijua alikitafuta kama alivyofundishwa: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akauficha mkono chini ya meza. Pete. Akamtoa shangazi hadi mlangoni. Pete. Akageuza uso ukutani, akimtazama mtoto kwa pembe ya jicho. Pete. Akakawia makusudi, akabonyeza mara mbili mfululizo, akakawia tena. Mtoto alimfuata hatua kwa hatua kama kivuli. Mwishowe akashusha pazia la dirisha, akabonyeza, akachungulia ukingoni.

Malkia alikuwa amekaa, pete mkononi, akisubiri.

Mtaalamu akaingia, akachuchumaa mbele yake. "Malkia, umejuaje?"

Mtoto aliitazama midomo yake, akapima kama kusema siri kutaharibu mchezo. Kisha akainua mabega kidogo, akafumba mdomo na kuacha kupumua. Akakaa hivyo. Halafu akashusha pumzi, akatumbukiza pete na kutabasamu.

"Anafanya nini?" mama akauliza.

"Ananiigiza mimi."

Kila alipotaka kubonyeza, mtaalamu alizuia pumzi. Miaka yote hiyo, na maelfu ya wagonjwa, hakuna mwalimu wala mwenzake aliyemwambia; yeye mwenyewe hakuwa na habari. Mtoto wa miaka minne alikuwa ameiona pumzi ya mtu ikikatika, kupitia vioo viwili, chini ya koti jeupe, na akaijibu bila kukosea.

Pazia likabaki chini, waya ukarudishwa. Mlio wa kunong'ona: kimya. Mlio wa mazungumzo: kimya. Ilibidi sauti ifike kiwango cha mtu anayepiga kelele ndipo pete ikaingia kijitini. Mashine nyingine ikathibitisha, ile isiyohitaji jibu la mtu: sikio zima likipewa mlio hurudisha mwangwi wake mwembamba, jambo ambalo bado lilimstaajabisha mtaalamu. Masikio haya hayakurudisha kitu.

Aliwakalisha wote pamoja, akawaeleza waziwazi. Majibu ya shule yatasema hasikii. Vifaa vya usikivu vitamsaidia, na vipimo vya kuvitengeneza vitachukuliwa leo.

"Lakini pipi anasikia!" shangazi akasema.

"Mkisema pipi mnakuwa wapi?"

"Mbele yake. Si tunamwonyesha?"

"Na mkimwita asigeuke?"

"Nyuma yake," shangazi akasema, akageuka kumtazama mtoto.

"Baba yake nitamwambia mimi," mama akasema. "Leo hii." Kisha: "Lakini tangu lini? Na nani alimfundisha kutusoma hivi?"

"Tangu lini, sijui. Nani alimfundisha, nadhani hakuna." Mtaalamu hakuwa na mazoea ya kudhani mbele ya wagonjwa. "Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Shangazi alivuta kiti chake, akakizungusha mpaka magoti yake yakagusana na ya mtoto. Hakuwa na mzaha wowote. Alitaka kusema neno, akatafuta la kuanzia.

Malkia aliuchunguza uso ule kwa makini, akanyoosha mkono na kumshika shavu.

"Usilie, shangazi," akasema.

Shangazi hakuwa analia. Alianza baada ya hapo.