Mistari Minane Baada ya Risasi

Nulu alikuwa amesimama juu ya stuli akibandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, katika studio yake ya Bugembe, kijana asiyemfahamu alipobisha mlango uliokuwa wazi. Ilikuwa adhuhuri na malori yalinguruma kwenye barabara ya Iganga. Kijana alivaa suti nyeusi iliyompwaya, na miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Kifuani, upande wa kushoto, alikuwa na tundu la risasi.

"Samahani dada, nimechelewa," alisema. "Mimi ni Wamboga wa Mbale. Walinizika Jumanne."

Nulu alishuka. Sauti aliitambua, maana walikuwa wakitumiana ujumbe wa sauti kwenye simu kwa muda mrefu. Alikuwa akitayarisha albamu ya kwanza ya lebo yake ya muziki, iliyoitwa *Sauti Tisa*: marapa tisa ambao hakuna redio iliyowajua. Nafasi ya saba alikuwa amemwekea huyu. Alimwambia apanguse miguu. Akampa maji, yakamtoka tunduni, akampa na taulo.

Daphine, rapa wa nafasi ya pili, alikuwa ameketi juu ya kreti la soda akila chapati.

"Wewe ndiye uliyekuwa unajisifu kwenye grupu kwamba utatumeza sote?"

"Ni mimi."

"Basi ingia. Tuone kama maiti ana pumzi."

Zamani Wamboga alirapu kwa Lumasaba, lugha ya kwao. Siku hiyo alianza kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyoisikia mwisho kabla ya risasi. Kwa majirani Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi; walipokisikia kikipenya ukutani walidhani wamefika, wakaingiza watoto ndani na kulala sakafuni. Wamboga alimaliza, akavua vipokea sauti, na Nulu akarudisha wimbo mwanzo ili wausikilize. Katikati ya ubeti risasi ilitoka kwenye spika. Ilipita chinichini kati ya Nulu na Daphine, ikatoboa trei, ikatoboa ukuta, ikamuua kuku wa jirani juu ya pipa.

"Ni ileile," alisema Wamboga. "Usiikate, dada. Baada yake kuna mistari minane. Nataka mama aisikie yote, uani kwetu, kwa spika kubwa. Niahidi."

Nulu aliahidi. Wamboga alikunja taulo vizuri, akarudi Mbale kwa miguu. Alisema hana haraka tena.

Albamu ilienea. Vibanda vya kupakia nyimbo kwenye flashi viliiuza Jinja mjini, na bodaboda zenye spika zikaitembeza. Popote wimbo wa saba ulipochezwa, risasi ilitoka. Kinyozi mmoja alipoteza kioo, muuza nyama alipoteza kiwiko. Watu wakajifunza. Sauti ya Wamboga ilipofika pale walilala chini, na risasi ikishapita mtu alinyoosha mkono akazima. Wote waliamini kwamba wimbo unaishia hapo.

Matundu yote yalikuwa kwenye kimo kimoja, kimo cha kifua cha mtu aliyepiga magoti. Ripoti ya polisi ilisema Wamboga aliiba vyuma kiwandani na akapigwa risasi ya mgongo akikimbia.

Afande Ignatius wa polisi alikuja studio na askari watatu. Kwanza walimpiga Daphine, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mlangoni. Walimpiga mpaka rungu likamtoa meno mawili, na mmoja akamkanyaga mkono alipojaribu kuyaokota. Kisha afande alipiga magoti kando ya tundu la ukutani. Lililingana na mfuko wa shati lake.

"Kweli," alisema. "Alikuwa amepiga magoti. Mimi nilikuwa hapo." Akasimama, akapangusa suruali, akamgeukia Nulu. "Sasa, nnyabo, toa hii wimbo ya saba."

"Albamu inaitwa *Sauti Tisa*, afande."

"Weka nane. Nani atahesabu? Nikisikia hii kitu inacheza Mbale, nitavunja mguu yako."

Askari wakapasua kompyuta na spika kwa shoka, wakaenda. Daphine alirekodi upya ubeti wake kwa simu. Sasa kila alipotamka "s" kulitoka mluzi, na mashabiki waliupenda.

Nulu aliazima spika ya harusi akaenda Mbale, upande wa viwanda. Mama yake Wamboga, aliyeitwa Nandutu, aliishi nyuma ya kinu cha mahindi. Miguu yake ilikuwa imevimba, kwa hiyo alikuwa ameketi kwenye kigoda uani akichambua malewa, machipukizi makavu ya mianzi. Kifua chake kilikuwa kwenye kimo kilekile.

"Mama, itabidi ulale chini kidogo," Nulu alimwambia.

"Nilale kwa nini? Mwanangu alitahiriwa uani hapahapa. Alisimama mbele ya kisu hakupepesa jicho. Mimi niogope sauti yake?"

Nulu alifikiria kuigeuzia spika ukutani. Lakini wimbo ungesikika kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni, na hilo silo aliloahidi. Aliielekeza kwa mama, akasimama mbele ya kigoda, akabonyeza simu.

Kiswahili kilijaa uani. Milango ya majirani ikafungwa. Wamboga alifika mahali anapoambiwa apige magoti, naye akapiga, na risasi ikatoka. Iliingia paja la Nulu ikavunja mfupa. Afande Ignatius, aliyekuwa amepandishwa cheo wiki hiyo, akawa amepunguziwa kazi moja, ya kuvunja mguu.

Jirani alitambaa kuelekea kwenye spika ili aizime.

"Acha!" Nulu alipiga kelele akiwa chini, damu ikiingia kwenye malewa. "Bado minane."

Mkono wa jirani ukasita. Spika ilitoa sauti ya mtu anayejisafisha koo, halafu Wamboga akaendelea, sasa kwa Lumasaba. Alisema ufunguo wa kufuli uko chini ya ndoo. Alisema suti waliyomzika nayo ni ya mjomba, aombwe radhi. Nandutu alivua kitambaa chake cha kichwa akaanza kuufunga mguu wa Nulu, macho yakiwa kwenye spika. Katika mstari wa nane Wamboga alimwita mama yake kwa jina, akasema hakukimbia.

"Najua," Nandutu alimjibu, akakaza fundo.