Herufi C

Niliweka diski mahali pasipo pake. Kosa lenyewe ni hilo, na mengine yote ni maelezo.

Mama Tatsuno alifika dukani kwangu Nipponbashi, ninapofufua kompyuta kuukuu, asubuhi ya tarehe ishirini na nane Desemba, Osaka nzima ikisugua madirisha kwa osoji, usafi mkuu wa kufunga mwaka. Alibeba bati la biskuti za mchele, na ndani yake flopi moja, diski ndogo ya kuchomeka, ya marehemu mumewe. Diski kuu ya kompyuta yao ya zamani alikuwa ameshaniletea wiki iliyotangulia. Niliisoma mara moja, ikakwaruza, ikafa. Nikabaki na nakala moja, na mimi ninayewahubiria wateja watoe nakala mbili sikutoa ya pili. Nilijiambia nitafanya kesho.

"Duka gani hili, mwanangu?" akasema, akipitisha kidole kwenye rafu. "Leo kila mtu anafanya osoji, wewe unafuga vumbi."

"Vumbi ndilo linaloshikilia ukuta, mama. Nikilifuta tutaangukiwa."

"Mvivu hakosi neno." Akakaa, bati likiwa mapajani.

Alitaka siku moja tu. Tarehe kumi na saba Februari, mwaka wa tatu wa Heisei, yaani 1991, binti yao Shiho, mwenye miaka tisa, alitumwa kununua tofu akagongwa na lori, akafa. Aliyemtuma ni yeye mama. Mumewe hakumlaumu kwa mdomo, wala hakumwambia kwamba hamlaumu. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akaandika kwenye mashine ile kama alivyoandika kila jioni.

"Tangu siku ile hakunitaja jina," aliniambia. "Ni 'wewe' tu. Wewe, chai. Wewe, funga mlango. Sasa kafa naye hajasema. Nataka kujua kama alinilaumu, basi."

Mashine zile hazipatikani tena. Nina programu inayojifanya mashine hiyo: unaipa mafaili, unaiambia faili hili ndilo diski kuu, hili ndilo flopi. Nakala ya diski kuu ilikataa kuwaka, sehemu yake ya mwanzo ilikuwa imeharibika. Flopi ya marehemu ikakubali, nami nikaipa kiti cha kwanza. Kwenye mashine hizo diski inayoiwasha mashine ndiyo inayochukua herufi A, nyingine zinasogea nyuma. Diski kuu, ambayo kwa marehemu ilikuwa A maisha yake yote, ikasogea mpaka C. Jambo hilo nalijua tangu nina chunusi usoni.

Orodha ya maandishi yake ya kila jioni ikatokea, siku baada ya siku. Nikashuka mpaka tarehe ile. Siku nyingine alijaza kurasa. Hii, kwa urefu ulioandikwa pembeni, ilikuwa na nafasi ya herufi mbili tu.

"Ipo, mama."

Hakusogea. Akaikalia mikono yake.

"Ngoja kwanza. Hiyo flopi ameiandikaje juu?"

"Osoji."

"Ndiyo hiyo. Kila tarehe ya leo aliiweka, akabonyeza, akaja kunywa chai. Mwaka huu hakuna wa kumfanyia. Tumsafishie kwanza, halafu nitasoma."

Ndani ya flopi mlikuwa na amri ya kusafisha, nami nilipaswa kuifungua kwanza niisome. Ilikuwa na mistari minne tu. Lakini nilimwonea huruma, na huruma ikanipumbaza. Nikageuza kibodi upande wake, nikamwonyesha pa kubonyeza, naye akabonyeza kwa kidole kimoja, polepole, akitabasamu.

Marehemu alikuwa mwalimu, mtunga mitihani. Kila mwisho wa mwaka alifuta rasimu zake, na hakuridhika kufuta, aliandika sifuri juu ya kila kilichofutwa, asije mwanafunzi akakifufua. Rasimu alikuwa akiziweka kwenye flopi ya pili. Kwake flopi ya pili ilikuwa C, na amri ile ilifuta C.

"Imekwisha?" akauliza. "Upesi hivyo? Yake ilikuwa inatosha kikombe kizima. Haya, nifungulie ile siku yetu."

Nikaita orodha. Hakuna faili. Nikaita tena. Nikaona aibu hata kumtazama.

"Mama, nimezifuta zote. Nilipanga herufi vibaya. Ni mimi."

Alikitazama kidole chake.

"Aliyebonyeza ni mimi."

"Kosa ni langu, mama."

"Na siku ile pia waliniambia kosa ni la lori." Akafunga bati, kifuniko kikamsumbua, nikataka kumsaidia akanizuia. "Ilikuwa ndefu?"

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya.

"Herufi mbili tu."

Akainua kidole kilekile, akaandika kwenye vumbi la rafu yangu, herufi mbili za Kijapani, jina la mtoto. Shiho. Akazitazama kwa muda, na uso wake ukaanza kulegea.

Kisha chini yake akaandika neno lingine, lile aliloitwa miaka yote. Wewe. Kwa maandishi yetu nalo ni herufi mbili.

Akachukua bati lake akaondoka. Sijaifuta rafu ile mpaka leo.