Wagonjwa Kumi na Tisa, Hali Moja

Kitinda, kama mama yake alivyomwita kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, alikuwa fundi wa tovuti. Orodha ya wagonjwa ya kliniki ya macho ilikuwa kazi yake, na ilianza kutumika siku ileile mama yake aliyopangiwa kupasuliwa presha ya macho.

Saa nne asubuhi simu ikaita ofisini.

“Kitinda, wananiambia nimeshapasuliwa.”

“Nani anasema, mama?”

“Karani wa mlangoni. Eti kompyuta imeandika nimehudumiwa. Nimemwambia hiyo kompyuta kaifundisha mwanangu, haikosei. Labda macho mabovu ni yake.”

Kitinda aliufungua msimbo, yale maandishi yanayoiendesha orodha. Majina yalikuwa sawa, kumi na tisa, kila mtu na lake. Kwenye nakala ya majaribio akamwekea mgonjwa wa kwanza alama ya “amehudumiwa”. Orodha nzima ikageuka.

Hali ya mgonjwa, ile nafasi ya kuandika amehudumiwa au bado, alikuwa ameiunda mara moja tu, juu kabisa ya msimbo, kisha akawaelekeza wote kwenye hiyohiyo moja. Akiandikiwa mmoja, wameandikiwa wote. Kwenye majaribio alitumia mgonjwa mmoja. Mwenzake wa meza ya pili alimshauri ajaribu hata watatu, naye akamjibu, “Usinifundishe kazi.”

Alihamisha mstari mmoja, kila mgonjwa aundiwe hali yake. Dakika mbili tu. Akapiga simu kliniki.

“Sasa imekaa sawa,” karani alisema. “Lakini daktari ameshaondoka. Aliona orodha imekwisha, akadhani wengine walishapasuliwa jana, akawahi hospitali nyingine. Huku anarudi baada ya miezi minne.”

Alimkuta mama bado kwenye benchi, mkoba mapajani, hajatia kitu mdomoni tangu jana kama alivyoagizwa.

“Yule karani umempa vidonge vyake?”

“Mama, kosa si lake. Ni langu.”

Kitinda alimpa mkono amwinue. Mama akashika ukuta, akasimama mwenyewe.

“Twende,” alisema.

Daktari aliporudi alilipasua jicho la kushoto tu. La kulia halikuwa na cha kuokoa tena. Alifunua faili, akaitazama tarehe ya kwanza.

“Siku ile ningeliwahi,” alisema, bila kuulizwa.