Nguzo za Mansuri

Mansuri aliufyeka ua wa mbono kaburi uliogawa shamba lake na la shemeji yake, Mwanaharusi, bila hata kumbishia hodi.

"Ua huu unafuga nyoka na ndege," alisema. "Mimi nataka seng'enge."

Ua wa kwanza ulikuwa umeteketea kwa moto miaka ya nyuma, na Mwanaharusi ndiye aliyeupanda upya, kijiti baada ya kijiti, kwa miaka mitano. Nyuki walikuwa wamesharudi. Chozi, wale ndege wadogo wafyonza maua, walikuwa wamesharudi. Mwanaharusi aliuliza kimoja tu: "Na nguzo utatoa wapi?"

Mansuri akaonyesha lundo la mibono aliyoikata. "Si hizi hapa?"

"Basi wewe vuta seng'enge. Mashimo nachimba mimi."

Alichimba siku mbili. Kila nguzo aliisimamisha mwenyewe, shina chini, ncha juu, akaushindilia udongo kwa kisigino. Mansuri akawa anamsifu msikitini: shemeji yangu ana adabu.

Mvua za masika zikanyesha, nguzo zote zikachipua. Mwaka wa pili magome yalikuwa yameimeza seng'enge, na chozi ametundika kiota kwenye mwiba wa chuma.

Mansuri akaja anahema, panga mkononi. "Umenifanya mjinga!"

Mwanaharusi hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Kata, shemeji, nani kakuzuia? Ukimaliza niite, nije nikuchimbie mashimo."