Pini Atafuta Kosa Lake

Majirani walimwita Pini, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani asiyekosa pini mbili tatu midomoni. Wachache tu walijua kwamba akipata nafasi huandika hadithi kwenye simu na kuirusha, sura kwa sura, katika mtandao mmoja wa wasomaji. Alikuwa amefika sura ya ishirini na tatu: mjane anaolewa na daktari wa meno, na watoto wa pande zote mbili hawataki.

Jumatatu asubuhi, akisubiri pasi ipate moto, akafungua ukurasa wake. Akakuta sentensi moja tu: "Akaunti yako imesimamishwa kwa kukiuka kanuni zetu."

"Kanuni ipi?" akaiuliza simu. Pini zikamdondoka.

Wifi yake, aliyekuwa akitia vifungo ng'ambo ya meza, akainua macho. "Ni lile busu."

"Busu gani? Si walishikana mikono tu?"

"Walishikana mno."

Shangazi yake, ambaye husomewa kila sura kwa kuwa macho yamechoka, alikuwa na lake. "Yule daktari sikumwamini tangu mwanzo. Pengine daktari wa kweli amejiona humo, akakushtaki."

Pini akazisoma kanuni zote. Usiibe kazi ya mtu. Hakuiba. Usitukane. Mama mkwe wa mjane alisema "mbwa wewe" mara moja, lakini alikuwa akimwambia mbwa. Akazipitia upya rasimu zilizobaki kwenye simu, na kadiri alivyosoma ndivyo kila sentensi ilivyozidi kutiliwa shaka. Siku hiyo alimshonea mwalimu blauzi, mkono wa kushoto akauweka kulia.

Akawaandikia wenye mtandao. Hakujua aombe radhi au alalamike, akafanya yote mawili.

Siku ya tisa ukurasa ukafunguka wenyewe. Sura zote zipo, wasomaji wanauliza alipotelea wapi.

"Shukuru, wifi yangu!"

"Nishukuru nini? Hata nilichosamehewa sikijui."

Akaandika tena: naomba kujua kosa langu, nisije nikalirudia. Jibu likaja mchana: "Ndugu mwandishi, hatuna kumbukumbu yoyote ya akaunti yako kusimamishwa."

Alilisoma mara tatu, kisha akamsomea shangazi.

"Basi tuliota," shangazi akasema.

"Sote watatu? Siku tisa?"

Shangazi akafikiri. "Hebu soma tena."

Akasoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale.

Jioni ile Pini alinunua daftari nene, akaanza kunakili hadithi yake kwa kalamu, tangu sura ya kwanza. Sura ya ishirini na nne aliirusha Ijumaa. Kabla ya kubonyeza alifuta neno, akalirudisha, akalifuta tena, na hata sasa hawezi kukuambia alikuwa akimwogopa nani.