Minyororo Minane ya Sajini Oldroyd

Sajini Cuthbert Oldroyd alikuwa mfumaji kiwandani Yorkshire, Uingereza, kabla jeshi halijamfundisha kurusha glaida, ile ndege isiyo na injini inayovutwa kwa kamba na ndege nyingine hadi karibu na adui, kisha inaachwa itue yenyewe. Huko Sisilia kamba iliachiwa mapema mno, akaangukia baharini, akaogelea. Normandia alitua vizuri. Alipenda kutukumbusha kwamba hajawahi kumvunja abiria wake hata kidole, na alitukumbusha hadi tukachoka.

Mimi nilikuwa kiongozi wa kikosi cha mzinga aliotubebea. Normandia minyororo ya kuufungia sakafuni mwa glaida ilikwama, tukahangaika nayo nusu saa nzima huku tukimiminiwa risasi. Vijana wangu wawili, Pask na Yelland, walikufa wakiwa wameishika. Tangu siku hiyo niliichukia minyororo ile.

Asubuhi ya safari ya Arnhem, Septemba mwaka wa arobaini na nne, nilimwomba Oldroyd tufunge minne badala ya minane.

"Umekunywa nini, Haddow?"

"Chai tu."

"Basi rudi ukanywe nyingine. Mzinga wako unakaa nyuma ya kisogo changu. Ukiamua kusafiri, kituo cha kwanza ni mimi."

Vijana wakacheka. Akaivuta minyororo yote minane kwa mkono wake, mmoja mmoja, ndipo akaenda kukaa kwenye usukani.

Alipoachia kamba juu ya mashamba ya Waholanzi, ukabaki mvumo wa upepo tu. Nikafungua minyororo minne. Sikumwambia. Nilikuwa namfikiria Pask, na kwa Oldroyd sikuwa na wasiwasi, maana kutua alikujua.

Na kweli alitua vizuri. Lakini glaida nyingine ilikuwa imesimama mbele yetu, watu wanashuka, naye akaikwepa ili asiwagonge, tukaingia mtaroni na kusimama ghafla. Minyororo minne iliyobaki ikakatika. Mzinga ukaenda mbele.

Tuliutoa nje kwa dakika saba. Oldroyd tulimlaza kwenye nyasi, kifua kimebonyea, anaongea kwa shida.

"Wengine je?"

"Wazima. Rubani msaidizi wako tu kavunjika mkono."

"Minyororo ilikatika?"

"Ilikatika."

"Yote minane?"

Hapo ningeweza kusema. Vijana wangu walikuwa wamesimama pale pale, wananitazama, na mzinga ulikuwa tayari kufyatuliwa.

"Yote," nikasema.

Akafikiri kidogo. Minyororo minane haikatiki hivi hivi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Basi nilitua vibaya," akasema.

"Yaache hayo, Cuthbert," nikamjibu, kama mtu anayesamehe. Alikata roho kabla ya saa nane mchana, akiamini hivyo.